Mhusika Wako Analipwa Pesa Ngapi?

Mwandishi chipukizi akiniletea mswada, hilo ndilo swali langu la kwanza. Huyu binti anayelia dirishani kule Kileleshwa tangu sura ya pili, kodi analipiwa na nani? Na kijana anayemletea maua kila jioni, kazini hutoka saa ngapi? Wengine hununa. Huniambia wanaandika mapenzi, si uchumi. Nami huwajibu kwamba Nairobi hii nimeona ndoa nyingi zikivunjwa na landilodi kuliko zilizovunjwa na hawara.

Swali lenyewe nililitoa kwa Karl Marx. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa mapinduzi ambayo wenzangu walimpendea.

Nakala yangu ya buku la kwanza la Das Kapital, kitabu chake kikuu kuhusu mtaji, niliinunua mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Niliipata kwa wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara. Ilikuwa chapa ya Progress Publishers ya Moscow. Umoja wa Kisovieti ulisambaratika mwaka 1991, vitabu vyake vikabaki vikizagaa kwa bei ya kutupa. Jalada la nakala hiyo lilikuwa limechanwa kwa uangalifu, na ukurasa wa jina pia. Muuzaji aliponiona nasita akaniambia, "Chukua tu, dadangu. Mwenyewe alikuwa anaogopa kupekuliwa."

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu mwaka 1969 kwa ajili ya kijikaratasi chake Kenya: Twendapi? Mwishoni mwa mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, baada ya wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ kuigiza tamthilia kwa lugha yao wenyewe. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria, alihukumiwa miaka sita mwaka 1982 kwa kupatikana na maandishi yaliyosemekana kuwa ya uchochezi. Kizazi changu basi kilimpokea Marx akitokea chini ya godoro, na kitu cha chini ya godoro hupewa utamu ambao pengine hakina. Nilitarajia moto. Nilichokuta ni yadi 20 za kitani ambazo thamani yake ni sawa na koti moja, kisha kitani na koti, koti na kitani, ukurasa baada ya ukurasa. Nusura nimrudishie muuzaji kitabu chake.

Kilichonizuia ni sura ya kumi, ile ya siku ya kazi. Humo nilimkuta Mary Anne Walkley, mshonaji wa London, umri miaka 20. Juni 1863 alifanya kazi saa 26 na nusu mfululizo, yeye na wasichana wengine 60, thelathini kwa chumba, wakishona magauni ya mabibi waliokuwa wakienda kwenye dansi ya heshima ya mke mpya wa mrithi wa kiti cha ufalme. Akaugua Ijumaa, akafa Jumapili. Marx hakumvumbua binti huyu. Alimtoa kwenye magazeti ya London ya wiki ile. Kurasa chache kabla ya hapo kuna mkate wa London na vilivyomo ndani yake kwa mujibu wa ripoti ya serikali: jasho la waokaji, utando wa buibui, mende waliokufa, shabu.

Nilisoma nikashangaa. Mwanafalsafa mwingine angeandika "mfanyakazi" akapita. Huyu aliandika jina, umri, saa na idadi ya watu chumbani. Alikuwa ameketi kwenye chumba cha kusomea cha British Museum akifukua ripoti za wakaguzi wa viwanda, karatasi ambazo hata wabunge waliochapishiwa hawakuzisoma. Ndiyo kazi ya mwandishi wa riwaya hiyo, isipokuwa yeye alikuwa na nadharia ya kubebea.

Na alikuwa na mazimwi. Mtaji, anasema, ni kazi iliyokufa, nayo huishi kwa kufyonza damu ya kazi iliyo hai, na kadiri inavyofyonza ndivyo inavyozidi kuishi. Sisi tuliokulia Nairobi tukitishwa na mumiani hatukuhitaji kuelezwa sentensi hiyo. Wazee wetu walisimulia kwamba wakati wa Mwingereza wazimamoto wa mji huu walikuwa wakikamata watu usiku na kuwatoa damu, na watu wazima wenye akili zao waliliogopa gari jekundu kuliko moto wenyewe. Mjini walikuja kuuza nguvu zao, jioni wanarudi wamekauka, na hesabu ya kilikokwenda kilichotoka mwilini mwao hawapewi. Mumiani alikuwa jibu lao.

Bado nilikuwa sijaielewa thamani ya ziada ila kwa mtihani. Naweza kuieleza hata sasa: mfanyakazi hurudisha gharama ya mshahara wake katika sehemu fulani ya siku, na saa zinazobaki anamzalishia mwenye kiwanda bure, ingawa hakuna kengele inayolia kutenganisha saa hizi na zile. Kuieleza si kuiona. Aliyenionyesha ni shangazi yangu, ambaye alishona mashati ya kupelekwa ng'ambo kwa miaka mingi katika kiwanda kimoja upande wa Ruaraka.

Jumapili moja nilimsomea, nikitafsiri papo hapo, mahali ambapo wakaguzi wa Uingereza wanaeleza jinsi wenye viwanda walivyokuwa wakidokoa dakika za mapumziko. Dakika tano kila siku, walipiga hesabu, mwisho wa mwaka ni siku mbili na nusu za kazi. Shangazi alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Huyo alifanya kazi kwetu?"

"Alikufa 1883, shangazi."

"Basi hajui ya sindano."

Akanieleza. Sindano ikivunjika, unazima mashine na kupiga magoti kutafuta vipande, vyote, kwa sababu shati likimfikia mnunuzi na ncha ya chuma ndani, mzigo mzima unarudishwa. Vipande vinaunganishwa, vinabandikwa kwa selotepu kwenye daftari la msimamizi, unatia sahihi, ndipo unapewa sindano mpya. Kipande kimoja kisipoonekana, sumaku inaletwa inapitishwa sakafuni, halafu mafungu ya mashati yanafunguliwa moja baada ya jingine. Huko kote tageti ya siku haishuki hata shati moja. Wanawake walifidia muda huo kwa kutokwenda choo. Baadaye wakapata akili: wakawa wananunua sindano zao wenyewe mjini, wanazichomeka kwenye upindo wa leso ya kichwa, na ile ya kiwanda ikivunjika wanabadilisha kimyakimya huku vipande wakivitafuta kwa mguu chini ya meza.

"Kwa hiyo mlikuwa mnamnunulia tajiri vifaa," nikamwambia.

"Mwanangu, tulikuwa tunajinunulia nafasi ya kwenda msalani."

Nilikwenda kuandika sentensi hiyo kabla sijaisahau, na sura nzima ya riwaya yangu ya pili imesimama juu yake. Hakuna anayetaja ubepari humo. Mwanamke ana sindano kichwani, basi.

Tangu hapo kila mhusika wangu ana karatasi yake ya hesabu ambayo msomaji haioni: mapato, kodi, nauli, deni, saa ya kuamka, saa anazotumia barabarani. Mei 2022 kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida wa Nairobi kilipandishwa hadi shilingi 15,201 na senti 65. Nilikaa na hizo senti 65 siku nzima. Mjini hapa senti zimekwisha kusahaulika mifukoni. Aliyezitoa alichukua 13,572 na senti 90 za mwaka 2018, akaongeza asilimia 12, akaandika ilivyotoka kwenye mashine bila kumfikiria mtu wa kuzishika. Ukimpa mhusika mshahara huo na chumba cha mabati Mukuru kwa Njenga, kisha ukamwekea mtoto mwenye pumu, msuko unajisuka. Kila anachokitamani kina bei, na unajua tayari ni kipi atakiacha.

Hapo ndipo ninapogombana na makomredi. Nawapenda, tunasoma pamoja, wengi wao ni wadogo kuliko binti yangu na wamesoma kuliko sisi tulivyosoma wakati wetu. Siku hizi kuna hata Maktaba ya Ukombozi hapa mjini ambako vitabu vya aina hii vinakaa rafuni bila kuchanwa jalada. Lakini kuna mmoja hawezi kunisamehe kwamba mshonaji wangu hakuongoza mgomo. "Mama," ananiambia, "umeonyesha unyonyaji halafu ukamwacha pale pale. Msomaji afanye nini?"

Nilimpa barua aliyoandika Engels, rafiki na mshirika wa Marx, mwaka 1888 kwa Margaret Harkness, mwandishi wa riwaya kuhusu msichana wa kazi wa mashariki mwa London. Engels anamwambia kwamba kadiri maoni ya mwandishi yanavyojificha ndivyo kazi ya sanaa inavyofaidika, na kwamba yeye amejifunza kutoka kwa Balzac, mwandishi wa riwaya wa Kifaransa na mtu wa kutetea wafalme, mengi kuliko alivyojifunza kwa wanahistoria, wanauchumi na wataalamu wa takwimu wa wakati ule wakiwekwa pamoja. Nilidhani nimemaliza mjadala. Komredi aliisoma mpaka mwisho, akarudi na aya nyingine ya barua hiyohiyo, ambamo Engels anamlaumu Harkness kwa kuwaonyesha wafanyakazi kama umati usioweza kujisaidia. Alikuwa na haki. Kufikia wakati huo London ilikuwa na miaka ya migomo na vyama nyuma yake.

Na Nairobi pia. Makhan Singh alikuwa akiunda vyama vya wafanyakazi mjini hapa tangu mwaka 1935, na alipokamatwa mwaka 1950 hakuwa huru tena hadi 1961. Pio Gama Pinto, mbunge mjamaa, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands Februari 1965, na mwaka huohuo serikali ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, unaosema kwamba migawanyiko mikali ya kitabaka ya Ulaya haina mfano katika jamii ya Kiafrika. Ukitaka kujua kwa nini riwaya zetu nyingi zina tajiri mbaya na maskini mwema lakini hazina kiwanda, hazina hati ya mshahara, hazina mkutano wa chama, mimi naanzia hapo. Tulifundishwa kwamba tabaka ni mambo ya wazungu, tukaandika tabia.

Sijamwongezea mshonaji mgomo, hata hivyo. Nilimwongezea mwanamke mwingine kwenye mstari wa tatu, mwenye kadi ya chama, ambaye wenzake wanamkwepa saa ya chakula. Komredi anasema haitoshi.

Sasa, mwandishi mwenyewe ni nani katika hesabu hii? Marx alilijibu swali hilo kwa utani kidogo katika maandishi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1860. Mshairi Mwingereza Milton, anasema, alitoa utenzi wake Paradise Lost kama kiwavi wa hariri anavyotoa uzi, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, kisha akaiuza kwa pauni 5. Kwa mtaji, huyo si mfanyakazi mzalishaji. Lakini yule mlalahoi wa kalamu wa Leipzig, anayefyatua vitabu vya muhtasari wa uchumi kwa amri ya mchapishaji, huyo ndiye mzalishaji, kwa maana kazi yake tangu mwanzo iko chini ya mtaji na lengo lake ni kuukuza.

Mwandishi yeyote wa Kiswahili wa Kenya akisoma hapo atacheka, kwa sababu sisi ni wote wawili. Usiku tunatoa hariri. Mchana tunaandika miongozo. Kwa asiyejua, mwongozo ni kile kijitabu cha kumweleza mwanafunzi riwaya teule inahusu nini, maudhui ni yapi, mbinu za lugha ni zipi, ili apite mtihani bila kulazimika kuisoma. Nimeandika miongozo ya riwaya za watu wengine iliyouzwa kuliko riwaya zangu zote. Malipo yake yalikuwa ya mara moja, mkononi, na hayo ndiyo yaliyonilipia karo ya binti.

Mkataba wa Milton wa mwaka 1667 ulikuwa na pauni 5 siku ya kutia sahihi na 5 nyingine nakala 1,300 zikiisha. Kwa wakati wetu sioni kama ni mkataba mbaya. Mrabaha wangu ni asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji, unalipwa mara moja kwa mwaka, na kabla haujanifikia umepita kwa punguzo la duka la vitabu, kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ambayo vitabu vilitwikwa mwaka 2013, na kwa wale jamaa wanaochapa nakala haramu na kuziuza hadharani mchana kweupe. Tangu 2018 serikali inanunua vitabu vya shule moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Kwa mzazi ni nafuu kubwa, sitaki kuifanyia dhihaka. Kwa wenye maduka ya vitabu ya mitaani lilikuwa pigo, na riwaya isiyo ya shule ilikuwa ikiuzwa kwenye maduka hayohayo, pembeni ya kitabu cha hesabu.

Kwa hiyo soko la riwaya ya Kiswahili ni darasa, na mnunuzi mkubwa ni mmoja. Ukitaka kujua jinsi uchumi unavyoingia kwenye sentensi, kaa na mhariri anayekuandaa kwa ajili ya shule. Mmoja aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba waziri katika riwaya yangu anaweza kuiba, hata kuua, mradi mwishoni aadhibiwe. Busu likae nje ya mlango. Kurasa zisizidi mia mbili na ishirini. Na yule mama wa mstari wa tatu, mwenye kadi ya chama, "wa kazi gani, hasa?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tageti yake. Nilikata busu nikamwacha mama, na kitabu hakikuteuliwa.

Marx asingeshangaa. Yeye mwenyewe aliishi kwa vijipesa vya makala za New York Tribune kwa takriban miaka kumi na kwa hisani ya Engels, ambaye fedha zake zilitoka kwenye kiwanda cha pamba cha Manchester. Kuna wakati hakuweza kutoka nje kwa kuwa koti lake liko rehani. Hapa tungesema liko kwa shailoki. Alimwambia mkwewe kwamba Das Kapital haitamlipia hata sigara alizovuta akiiandika. Tangu nilijue hilo, zile kurasa za kitani na koti nazisoma vingine.

Kuna mahali Marx ananiacha, na ndipo nilipo sasa. Riwaya ninayoandika ina mama mboga. Yule ninayemfuatilia anaamka saa tisa usiku, saa kumi yuko Marikiti, ananunua sukuma wiki kwa broka aliyeipokea kwenye lori, anamlipa wa mkokoteni, anampa kitu kidogo kanjo, yaani askari wa jiji, anafungua kibanda saa moja asubuhi na kukifunga saa tatu usiku. Mtaji wa asubuhi ni mkopo wa simu. Siku moja tulikaa naye tukaandika kila shilingi iliyoingia na kutoka. Ukigawa faida kwa saa, mshonaji wa Ruaraka anampita. Lakini hana mwajiri. Mizani ni yake, kibanda ni chake. Kwa sheria za Marx ni mwenye mali na kibarua wake ndani ya ngozi moja. Damu inatoka, nimeiona kwenye daftari, inatoka kidogo kwa broka, kidogo kwa mkopeshaji, kidogo kwa landilodi na kidogo kwa askari wa jiji, wala hakuna lango la kiwanda la kusimama mbele yake na mabango.

Wanasiasa walimwona kabla ya waandishi. Uchaguzi wa 2022 ulipiganwa kwa jina lake: mahasla, yaani wahangaikaji, dhidi ya watoto wa wakubwa, uchumi wa kutoka chini kwenda juu. Ilikuwa lugha ya kitabaka iliyotolewa tabaka, ustadi ambao nautambua kama fundi ninavyoitambua kazi ya fundi mwingine, ingawa siupendi. Novemba 30 mwaka huo ikazinduliwa Hazina ya Hasla, mkopo wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Alichukua. Alilipa. Akachukua tena. Kisha Juni 2024 vijana walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakahoji kwa nini mkate utozwe asilimia 16. Pendekezo la mkate liliondolewa, mengine yakabaki. Tarehe 25 waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake rais akasema hatautia sahihi. Mwanawe mama mboga alikuwa mjini siku ile. Mamaye alifungua kibanda kama kawaida, nikamuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa," akasema. "Lakini mboga nilikuwa nishanunua."

Komredi anataka sura ya kesho yake iwe ya mama kuelewa na kuungana na mwanawe. Rafiki yangu mchumi anasema huyo ni mjasiriamali, nimwache akue. Mama mboga mwenyewe, nilipomweleza wanavyosema, aliuliza broka atakuwa kwenye kitabu kwa jina lake halisi, maana bado anamdai.